Kamanda Apanda Ukuta

Jumatatu, 3 Machi

Saa nne asubuhi kipande cha plasta kimeanguka kutoka ukuta wa mbele. Kikubwa kama mkate. Hakikumgusa mtu, kimeponda ndoo yangu tu. Bibi Mwenye Jengo akaja mwenyewe, akatazama juu, kisha akanitazama mimi. Mimi ndiye mwangalizi wa jengo hili, mwaka wa tisa sasa. Akauliza kama huwa naukagua ukuta huo. Nikasema kila wiki. Sikusema kwamba naukagua nikiwa chini. Siwezi kupanda hata stuli, balbu hubadilishwa na mke wangu.

Akataka ukuta wote, ghorofa sita, ukaguliwe kabla ya mvua. Sijafungua mdomo, shemeji yangu keshafika. Ni mdogo wake mke wangu, mwashi, ana pua ya kunusa nyufa. Akasema atasimamisha jukwaa la miti kwa wiki mbili. Bibi akakunja uso, madirisha yote yazibwe wiki mbili! Hapo ulimi wangu ukateleza. Nikasema ninayo roboti inayopanda kuta, na Ijumaa itamaliza kazi asubuhi moja.

Sina roboti.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma sana. Kumbe wenzetu wanazo. Zinakagua madaraja, zinasugua matangi ya mafuta, zinaosha madirisha ya maghorofa, zinapaka rangi meli. Siri yenyewe si gundi wala uchawi. Feni inafyonza hewa iliyo chini ya mashine, na hewa ya nje inaikandamiza mashine ukutani. Basi.

Mwili: sufuria pana la mke wangu. Magurudumu: manne, ya gari la kuchezea, pamoja na rimoti yake. Feni: ya mashine yetu ya kufyonza vumbi. Juu nimefunga simu ya zamani iwe jicho. Nimemwita Kamanda.

Mke wangu aliporudi kazini aliuliza sufuria liko wapi. Nikasema limepandishwa cheo.

Jumatano, 5 Machi

Majaribio sebuleni. Kamanda akapanda! Kelele kama mzinga wa nyuki, lakini akapanda, taratibu, mpaka usawa wa saa ya ukutani. Machozi yalinilenga. Halafu akaiangusha saa. Halafu picha yetu ya harusi. Nyuma yake akaacha mstari mweupe, rangi yote imebanduka. Mke wangu alisimama mlangoni akautazama mstari. Akasema angalau umenyooka.

Shemeji alikuja wakati wa chakula, kama kawaida yake. Akala, akatazama, akaongeza sahani. Kisha akauliza likikwama huko juu nani atalifuata. Nikasema sayansi haikwami. Akasema mpanda ngazi hushuka. Nikamjibu Kamanda hatumii ngazi. Miaka kumi na miwili ya ushemeji, leo mara ya kwanza neno la mwisho ni langu. Siku njema sana.

Ijumaa, 7 Machi

Wakazi wote walijaa uani. Mke wangu, ambaye hajui woga ni kitu gani, alipanda paani akafunga kamba ya usalama na kuteremsha waya wa umeme. Mimi nikatoa hotuba fupi kuhusu madaraja, matangi na meli. Shemeji alikuja na nyundo yake na kiti cha kukalia. Dharau tupu.

Ghorofa ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu, watu wakapiga makofi. Ya nne, nikawapungia mkono. Kosa dogo: ulikuwa mkono wenye rimoti.

Kamanda akapinda kulia, akapanda mbio na kuingia dirisha la ghorofa ya tano. Hapo anakaa fundi cherehani, sisi humwita Mama Sindano. Kamanda akaanguka juu ya meza ya kukatia, bado anafyonza, akameza mkono wa koti. Koti la bwana harusi. Harusi ni kesho. Sauti ikashuka mpaka uani: "Mwangalizi, njoo umchukue mnyama wako!"

Kamba ilikuwa nzima. Hiyo iandikwe.

Nimeshinda kwake mpaka jioni. Nimechomoa nyuzi, nimeshika pindo, nimepiga pasi. Amenifundisha kushona vifungo, nimeshona kumi na moja, akasema nina mkono mwepesi. Chai yake nzuri. Koti limepona. Nimerudi nyumbani nikiimba, mke wangu akauliza nini kinachonifurahisha. Nikamwomba nguo yenye kifungo kilichokatika.

Jumamosi, 8 Machi

Leo mke wangu aliketi kutazama picha alizopiga Kamanda. Mimi sikuwa nimezitazama, jana nilikuwa nawatazama waliokuwa wakipiga makofi. Alipofika chini kidogo ya dirisha la Mama Sindano akasimamisha. Ufa mwembamba kama unywele, na plasta imefura kama andazi. Akampigia simu mdogo wake.

Shemeji akateremka kutoka paani kwa kamba. Nilishindwa kutazama, nikamsikiliza tu. Kotekote nyundo ilisema ko, ko. Pale ikasema bu. Akatutaka tuondoke uani. Plasta ikabanduka pande zima, kubwa kama mlango, ikaangukia lile benchi ambalo wateja wa Mama Sindano hukaa kumsubiri. Benchi halipo tena.

Mama Sindano, aliyekuwa nasi langoni, alikaa chini hapohapo.

Shemeji alifika chini mweupe kwa vumbi mpaka kope. Akaniambia polepole: "Shemeji, mimi ningeanzia upande ule mwingine. Hapa ningefika wiki ya pili."

Akanipa mkono. Nilitaka kusema neno kubwa, la kukumbukwa. Nikasema karibu chai.

Jumatatu, 10 Machi

Bibi Mwenye Jengo ameamua. Shemeji atasimamisha jukwaa upande mbovu tu. Mimi nimeshukuriwa mbele ya wakazi wote, kisha nikapewa karatasi nitie sahihi: mashine yangu isiwekwe tena kwenye ukuta wowote wa jengo lake. Nimetia sahihi kwa moyo mweupe. Bahati haibishi hodi mara mbili. Nimemwambia mke wangu nimekoma, nimetulia, mtu mzima hujifunza. Akanibusu kwenye paji la uso.

Alasiri akaja msimamizi wa ukumbi wa sherehe, mtaa wa pili. Amesikia habari zangu. Dari lake limejaa utando wa buibui na ngazi haifiki. Nikaisoma karatasi upya, mara mbili. Inasema ukuta. Dari si ukuta. Na ukumbi si wa Bibi.

Akauliza kama Kamanda amewahi kutembea kichwa chini. Nikasema huo ndio utaalamu wake.

Tumekubaliana Jumamosi asubuhi. Akasema siku hiyo kuna harusi, keki ya ngazi tano itakuwa imeshapangwa katikati ya ukumbi, sijui waisogeze pembeni?

Nikamwambia asijisumbue.