Mimi, Glenys na Galaksi ya Unga

Jumamosi, 15 Novemba

Shule imekwisha. Mitihani imekwisha. Kuanzia leo mimi ni mtu mzima mwenye lengo moja maishani: ufunguo wa banda la Keith.

Keith Vandersluys analima ngano nje ya mji wetu wa Gundabri. Ndani ya banda lake la trekta kuna darubini aliyoijenga mwenyewe kwa mbao. Kioo chake kipana kama meza ya chai. Ni ndefu mno, lazima upande ngazi ili kufikia tundu la kutazamia. Leo ametutangazia, sisi tunaokuja kwake kutazama nyota, kwamba nyonga yake imechakaa na daktari amempiga marufuku kupanda ngazi. Anatafuta wa kumwachia ufunguo. Mtu wa kuitoa nje kila usiku usio na mwezi na kuitumia apendavyo. Jumamosi ijayo atatupima.

Tunaoutaka ni wawili tu. Mimi, Merrin Tresize, miaka kumi na minane, macho mapya kabisa. Na Glenys Pascoe, mstaafu wa posta, aliyetolewa mtoto wa jicho mwaka jana na tangu hapo anaona kila kitu. Kila kitu! Leo alikaa juu ya ngazi mpaka miguu yangu ikafa ganzi pale chini. Akatusimulia mikono ya galaksi, kiini chake, na vumbi lililo kati ya mikono. Zamu yangu ilipofika nilihema juu ya lenzi kwa woga. Ikaingia ukungu. Nikatazama ukungu. Nikasema ni nzuri mno.

Glenys akauliza, kwa upole wa kuudhi, ni ipi hiyo nzuri, maana zilikuwa mbili.

Jumapili, 16 Novemba

Nimeujua mtihani. Keith ataielekeza darubini kwenye kundi la nyota la Tanuri, penye galaksi ndogo anayoiita Unga. Anasema inafanana na unga unaobaki mezani baada ya mtu kuupuliza. Kila mmoja atapanda, kisha atachora ndani ya duara alichokiona, bila kuoneshana. Ndivyo tunavyofanya kila tunapochora, ili mtu asione kwa macho ya mwenzake.

“Chora ulichokiona,” Keith aliniambia. “Kama hukuona kitu, niletee duara tupu. Sitacheka.”

Duara tupu! Binti wa mwoka mikate ashindwe kuona unga!

Mkakati wa kwanza: kutazama kando. Kitu hafifu ukikikodolea macho kinatoweka. Tazama pembeni yake, kinajitokeza. Nimefanya mazoezi wakati wa chakula. Nilitazama kichupa cha chumvi ili nizione njegere. Mama akalalamika kwamba tangu tuketi sijamtazama usoni, akauliza kama kuna mvulana. Nikasema hakuna mvulana. Akauliza anaitwa nani.

Jumatatu, 17 Novemba

Mkakati wa pili. Jicho lililokaa gizani huona zaidi. Kwa hiyo nitaliweka la kulia gizani wiki nzima! Nimeshona kitambaa cheusi kutoka kwenye sketi ya shule. Hatimaye sketi ile ina faida.

Sikufikiria habari ya wateja. Mimi ndiye ninayeuza pai asubuhi dukani kwa Mama, na mteja wa kwanza akauliza nimepatwa na nini. Foleni yote ikanitazama. Nilitaka kusema galaksi. Nikasema magpai.

Hakuna anayemshangaa magpai. Ndege hao, weusi kwa weupe, kila mwaka hushuka kutoka mitini na kudona vichwa vya watu wakati wa kulea makinda. Mzee mmoja akabisha, akasema msimu wao umekwisha. Nikamwambia huyu alichelewa.

Jicho moja halijui umbali. Nimemimina sosi ya nyanya juu ya saa ya mteja. Pai ilikuwa pembeni, salama, kavu.

Jumatano, 19 Novemba

Balaa.

Mji mzima unazungumza habari ya jicho langu. Halmashauri imesimika bango jekundu mbele ya posta: NDEGE MKALI. Tarishi anaendesha baiskeli akiwa na helmeti iliyochomoza vijiti vya plastiki vya kufukuza ndege pande zote, kama nungunungu aliyeajiriwa na serikali. Na kumbe karibu na duka letu kuna magpai mmoja tu. Anaitwa Gerald. Glenys humpa nyama ya kusaga mkononi kila asubuhi tangu akiwa kinda aliyeanguka kutoka kiotani.

Halmashauri itamhamisha Jumanne. Watampeleka msituni, mbali, asikojua mtu.

Glenys alikuja dukani macho yamemvimba. Akaniomba radhi kwa niaba ya Gerald. “Hajawahi, mwanangu. Hata paka hajawahi kumgusa. Sijui shetani gani kampanda.” Ameniletea keki za chokoleti na nazi. Amewaletea keki watu wenye duka la keki!

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni asante.

Nimekula tatu. Ni tamu kuliko zetu. Mama asijue.

Alhamisi, 20 Novemba

Silali. Nimemwota Gerald akiwa na sanduku la safari.

Na kibaya zaidi: jana usiku nililijaribu jicho uani. Sikuona hata kamba ya nguo. Niliipata kwa shingo.

Mkakati wa tatu, basi. Nimekwenda maktaba. Kwenye rafu ya magazeti ya kale nimekuta gazeti la elimu ya nyota lenye picha ya kundi la Tanuri, na Unga imo! Wazi! Mikono miwili iliyojikunja, kiini, na nyota kali imekaa kwenye ncha ya mkono mmoja kama taa ya baiskeli. Nimeinakili yote. Kisha, kwa kuwa darubini ya Keith huonesha vitu juu chini, nimeigeuza picha na kuichora upya juu chini. Nimerudia mpaka mkono unachora peke yake huku nikimhudumia mteja.

Huu si wizi wa mtihani. Mwizi wa mtihani hafanyi kazi kiasi hiki.

Jumapili, 23 Novemba

Naandika asubuhi, shuka limefunika kichwa.

Jana anga lilikuwa safi, halina hata uzi wa wingu. Glenys akapanda kwanza. Alikaa kimya huko juu, jambo lisilo la kawaida. Akashuka, akachora chini ya tochi nyekundu, akampa Keith karatasi.

Nikapanda. Nikakivua kitambaa kwa mbwembwe. Nikaweka jicho. Giza. Giza, na nyota chache za hapa na pale, na mapigo ya moyo wangu. Nikatazama kando. Nikatazama kando ya kando. Hakuna unga wala pumba.

Nikashuka nikachora. Mikono, kiini, nyota. Vizuri mno, nadhani.

Keith akaimulika karatasi yangu. Akaimulika tena. Akaniuliza, sauti imebadilika, kama nina hakika na nyota hii hapa, kwenye ncha ya mkono. Nikadhani ndiyo alama ya kufaulu! Nikasema ndiyo, ilikuwa wazi kabisa, inang’aa.

Akasema nyota hiyo haimo kwenye ramani yake. Akasema nyota isiyokuwapo ikitokea ndani ya galaksi, maana yake imelipuka, na wa kwanza kuiona huwa anaandikwa duniani kote. Akasema tunapaswa kuwaarifu wataalamu usiku huu huu. Alikuwa anajipapasa mifuko yote akitafuta simu. Keith, ambaye hakuhangaika hata mvua ya mawe ilipokula ngano yake yote.

Nilitaka kusema. Nikakumbuka jina langu duniani kote. Nikachelewa kidogo tu, na katika kuchelewa huko Keith akaanza kupanda ngazi.

“Keith! Nyonga yako! We mzee una wazimu?” Glenys akapiga kelele. Keith akajibu kwamba ameitazama Unga miaka yote hiyo na haiwezi kulipuka yeye akiwa amekaa kwenye kiti. Akafika juu. Akatazama. Akatazama sana. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba haoni nyota yoyote, na kwamba hawezi kushuka.

Tulimteremsha kama friji. Mimi miguu, Glenys matusi. Tukamkalisha juu ya sanduku la barafu la soda.

Glenys akapanda mwenyewe, akatazama, akashuka taratibu. Akaniuliza, wala si kwa ukali, picha ile niliitoa kwenye gazeti la mwaka gani. Kwa sababu nyota ile ililipuka kweli, alisema, wakati mimi nikiwa chekechea. Keith alikuwa amelazwa hospitali wakati huo, ndiyo maana hakuiona. Yeye Glenys aliichora akiwa juu ya ngazi hii hii. Ikafifia kabla sijaanza darasa la kwanza.

Akanimulika usoni kwa tochi nyekundu. “Na jicho lako, mwanangu, halina hata mkwaruzo.”

Nikaongea. Yote. Kitambaa, magpai, maktaba. Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo mbele ya watu.

Keith hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba angelipenda duara tupu. Kisha akampa Glenys ufunguo.

Jumatatu, 24 Novemba

Glenys kaniburuta mpaka halmashauri. Nilikiri kwa sauti ya panya. Karani akaniomba nirudie. Nikarudia. Akamwita mwenzake aje asikie naye.

Gerald amesamehewa. Bango limeng’olewa. Tarishi amekataa kuivua helmeti, anasema ameizoea.

Nilipokuwa natoka, Gerald alishuka kutoka kwenye waya wa simu na kunidona kichwani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Glenys anasema. Hakumkemea.

Kisha Glenys akaniambia niwe bandani kesho usiku, mwezi ukishazama. Darubini ina magurudumu lakini yeye ana mgongo unaouma. Anahitaji wa kusukuma na wa kushika ngazi.

Jumanne, 25 Novemba

Nimerudi sasa hivi. Siwezi kulala.

Nilisukuma. Nilishika ngazi. Glenys alitazama muda mrefu. Mwishowe akashuka, akaniambia zamu yangu, nisitafute mikono wala nyota za magazetini. Nitazame nyota ndogo ya kushoto, nipumue kwa pua, nisubiri.

Nikasubiri. Shingo ikauma. Mbu akanila kidevu.

Ikaja. Doa. Kama alama ya kidole chenye unga kwenye aproni nyeusi. Ikapotea. Ikarudi. Mwanga uliotoka huko kabla dunia haijawa na mtu hata mmoja, ukafika Gundabri, ukaingia kwenye jicho langu. Nililia kidogo, na lenzi ikaingia ukungu, lakini nilikuwa nimeshaiona!

Nilichora doa. Basi. Keith, aliyekuwa kitini na blanketi magotini, akaimulika karatasi kwa muda. Akasema, “Hii ndiyo Unga.” Akaigongomea kwenye ukuta wa banda, kando ya mchoro wa Glenys wa usiku huu.

Furaha yangu ilidumu mpaka nilipoutazama mchoro wa Glenys. Una doa la pili. Dogo, pembeni. Kuna galaksi nyingine pale, mimi sikuiona, na yeye hakusema neno. Alikuwa anatabasamu!

Nimewaza njia nzima. Nimegundua kosa lilikuwa wapi. Wiki nzima nilifunika jicho la kulia, na siku zote ninatazama kwa la kushoto.

Kitambaa kiko tayari, nimekigeuza upande. Naanza kesho asubuhi. Wakiniuliza dukani, nitasema ni kasuku.