Kebo Chini ya Mlango wa Bi Saleha

Jumatatu, 16 Juni 2025
Leo tumelaza kebo ya umeme mtaroni, mtaa wa Mabawa. Injinia Praxeda kaagiza: mchanga laini chini na juu ya kebo, kisha utepe wa tahadhari, kisha udongo kidogo kidogo, kila tabaka lishindiliwe. Makubwa! Fanueli, msimamizi wa upande wa pili wa barabara, ameshafika kwenye utepe. Mimi hata mchanga sina wa kutosha. Nikapata wazo. Nimerudisha kifusi kilekile, mawe na yote, mchanga kidogo nikautandaza juu. Utepe nimeusahau makusudi. Nani atachungulia chini ya ardhi? Nimemaliza kabla ya alasiri. Fanueli kakodoa macho. Nimempungia mkono.

Jumanne, 17 Juni
Injinia kanisifu kwa kasi yangu. Umeme unawashwa Alhamisi. Nikampa shikamoo Bi Saleha, ambaye mtaro umepita mlangoni pake. Kaniambia Jumamosi anamwoza bintiye Khairat, na Ijumaa watu wa maturubai watapigilia nondo hapo mbele. Hapo wapi? Akanyoosha kidole. Juu ya kebo yangu! Nondo zenyewe urefu wa mkono. Na mimi, Mungu anisamehe, nilichimba hadi magotini badala ya kiunoni. Chai imenishinda.

Jumatano, 18 Juni
Nimemnong'oneza Bi Saleha kwamba tulipochimba nilisikia sauti; pale pana jini, turubai lihamishwe. Akashtuka vizuri. Nikaenda kula, roho kwatu. Kurudi, namkuta Shekhe, ubani unafuka, watu ishirini wanasoma dua juu ya mtaro! Bi Saleha anasema sasa mtaani hakuna mahali salama kuliko hapo. Nondo zote zipigiliwe hapohapo.

Alhamisi, 19 Juni
Umeme umewashwa. Mvua imenyesha, kifusi kimetitia, mlangoni pana shimo. Upande wa Fanueli umenyooka kama meza. Nimempigia Injinia nimwambie ukweli. Mdomo ukauliza habari za watoto. Atanifukuza! Lakini mtu akifa je?

Ijumaa, 20 Juni
Nimewahi na kiti, nikakaa juu ya mtaro. Nikasema naota jua. Mawingu tele! Jumbe, fundi wa maturubai, kanihamisha mimi na kiti changu, kwa heshima. Akasimamisha nondo. Akainua nyundo. Sijui nilifikaje. Nimejikuta nimemkumbatia miguu, napiga kelele: "Usipige! Chini kuna umeme! Sikuweka mchanga, sikuweka utepe!"

Jumbe kaishusha nyundo. Akasema ana watoto wanne.

"Ungenigeuzia harusi matanga, mwanangu," alisema Bi Saleha. Basi.

Fanueli ndiye aliyepiga simu umeme ukazimwa. Tulipofukua, jiwe lilikuwa limechana ganda la kebo, shaba inang'aa. Injinia hakufoka. Alinyoosha tu kidole pale panapong'aa.

Jumamosi, 21 Juni
Nimechimba upya hadi kiunoni, Fanueli kasimama juu yangu. Turubai limehamia ng'ambo. Bi Saleha kaniletea pilau mtaroni kwa mkono wake. Nimelia, nikala.

Jumatatu, 23 Juni
Nimehamishiwa Usagara, chini ya Fanueli. Tunafukia mabomba ya nyaya za intaneti. Na yeye ni mchanga, utepe, tabaka! Nimelitafakari sana kosa langu la Mabawa, na nimeliona: nilikaa karibu mno. Kifusi cha hapa kizuri, mawe yake madogo. Nikishafukia tu, naomba likizo niende Pemba.