Nilizima Mashine Nisikie Nani Atalia

Jamani, leo nimeadhirika mbele ya nchi tatu kwa mpigo!

Mnajua kazi yangu hapa London: natunza seva, yaani kompyuta kuu, za wahandisi wanaobuni chipu, vile vidude vya ndani ya simu. Wengine wako hapahapa Hounslow, magharibi ya jiji, wengine Bangalore kule India, wengine Ufaransa, na wote wanabuni chipu moja. Leo ilikuwa niwaonyeshe mabosi kwamba mtambo mpya wa kuwaunganisha wote unafanya kazi kote. Nikifaulu, mkataba wa kudumu. Nikifeli, narudi kupanga maboksi ghalani Heathrow.

Asubuhi nikapita chumba cha seva. Konani kuna kimashine kikuukuu, kimejaa vumbi, kinanguruma peke yake. Cha nani? Kinafanya nini? Udadisi ukanikaba. (Mama alishasema udadisi utanifikisha pabaya. Hakusema ni Hounslow.)

Sasa, sisi watu wa seva tuna desturi: usipomjua mwenye mashine, izime, usikilize nani atalia. Nikazima. Kimya! Nikamgeukia Otieno, Mkenya ninayefanya naye kazi. "Umeona? Takataka tu hii."

"Mimi sijaona kitu," akajibu. "Na hata sikuwa hapa." (Mjanja huyo.)

Mkutano ukaanza. Mabosi mezani, Bangalore na Ufaransa kwenye skrini. Nikafungua programu ya kubunia chipu. Imegoma. Nikajaribu tena. Bangalore wakasema kwao pia imegoma. Ufaransa vilevile. Jasho! Ndipo nikaelewa: kile kimashine ndicho kinachotoa ruhusa ya programu kufunguka, kote. Na ule ukimya? Wote ambao wangelia walikuwa wamekaa wakinisubiri mimi!

Nikatabasamu, nikampigia Otieno, nikanong'ona kwa Kiswahili wenyewe wasielewe: "Washa kile kimashine, fasta! Wakiuliza, nitasingizia umeme."

Mkurugenzi wetu, Bi Nalini, mama wa Kihindi anayeishi Harrow, ambaye sijawahi kumsikia akiongea kingine ila Kiingereza, akaweka kalamu chini.

"Mwambie abonyeze taratibu, mwanangu. Kitufe chake hunasa. Kimashine kile nilikifunga humo mimi mwenyewe."

Kiswahili cha Tanga kabisa! Nilitamani ardhi ipasuke. Programu ikafunguka, Bangalore wakaomba watafsiriwe.

Basi msinicheke. Desturi yetu imefanya kazi barabara: mwenye mashine amepatikana, na ndiye anayesaini mikataba.