Nukta ya Limi

Alhamisi, 4 Machi 1954

Aibu! Nesi Klara amebandika karatasi kubwa ya miraba kwenye ukuta wa kliniki ya mgodini. Mstari wa chini ni miezi ya mtoto. Mstari wa kusimama ni ratili zake. Kila mtoto nukta moja. Nesi akatuambia tusikodolee nukta moja moja, tuangalie kundi linaelekea wapi. Linapanda kwenda kulia, maana umri ukizidi na uzito huzidi. Kweli, limepanda kama ng'ombe wanaotoka kunywa maji. Isipokuwa moja, chini kabisa, peke yake.

Ya Limi wangu.

Mama Marcel, jirani yangu, nukta ya mwanawe iko juu ya wote. Akauliza, kwa sauti ya kuita mbuzi, kama ile ya chini ni mtoto au ni mavi ya nzi. Kliniki nzima ikacheka. Hata dresa Donatus, mfunga vidonda wake!

Walio chini ya kundi hupewa kopo la maziwa ya unga. Nesi akanikabidhi langu. Akasema tangu homa inikaushe matiti, uhai wa Limi umo humo, nisiuchezee. Nikaitikia. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa naangalia nukta.

Ijumaa, 5 Machi

Darasa la tatu nililimaliza mimi! Akichora Nesi, nami nachora. Nimechukua mkaa, nimechora ukutani jikoni. Chini, idadi ya shanga kiunoni mwa mtoto. Juu, unene wake kwa macho yangu. Nimezunguka kwa majirani wote nikiwafunua watoto. Jamani, nukta zikapanda zenyewe! Wenye shanga chache, wembamba. Wenye shanga nyingi, mapaja kama mito. Marcel ana nyuzi tatu. Limi uzi mmoja.

Kumbe siri ni shanga.

Mayu, mama mkwe wangu, alicheka mpaka akashika ukuta, akanifutia watoto wawili. Akasema mtoto akinenepa uzi unabana, ndipo mama yake anaongeza shanga. Nimeitazama sana kauli hiyo. Naona ni ileile yangu, ila ameisema kinyumenyume. Hakusoma, masikini.

Nimempa Mama Marcel tetea wangu, amenipa nyuzi mbili. Baba Limi alipotoka shimoni akauliza tetea yuko wapi. Nikamwonyesha ukuta. Akauliza kama ukuta ndio umemla.

Alhamisi, 11 Machi

Imepanda! Kidogo tu, unene wa ukucha, lakini imepanda. Mayu anasema kopo ndilo limeanza kazi, na shanga zilipandishwa mizanini pamoja na mtoto. Wivu wa wazee.

Ila neno la mizani limeniingia. Kinachopandishwa mizanini huhesabiwa mtoto. Ehe!

Jumatano, 17 Machi

Baba Limi alileta gololi mbili za chuma kutoka kinu cha kusagia mawe. Ukubwa wa ndimu, uzito wa laana. Zinasimamisha mlango. Kesho mlango utajisimamisha wenyewe.

Alhamisi, 18 Machi

Gololi ndani ya winda. Limi kimya, malaika wangu, amenikazia macho tu. Mizani ikashuka kwa kishindo. Nukta ikaruka hadi katikati ya kundi! Mama Marcel mdomo wazi. Tena Marcel wake alikuwa na homa, nukta yake imeporomoka. Nikamwuliza kwa upole kama ile ya chini ni mtoto au nini. Utamu ulioje!

Nesi akanipongeza. Kisha akasema sasa Limi yuko ndani ya kundi, makopo ni machache, langu apewe Mama Marcel.

Nikamfunga Limi mgongoni, gololi na zote, nikatoka.

Jumatatu, 22 Machi

Kopo la mwanzo limeisha. Uji wa mtama, Limi anautema. Usiku mzima ananyonya kidole. Mbavu zake nazihesabu kwa mkono hata bila taa. Kule ukutani kwa Nesi amenona. Mayu haniongeleshi.

Alhamisi, 25 Machi

Gololi moja ilichomoka. Ikagonga sakafu, ikabingirika chini ya mabenchi, Donatus akiikimbiza kwa magoti. Nesi hakufoka. Afadhali angefoka. Alimvua Limi kila kitu, hata shanga, akampima upya. Nukta mpya iko chini kuliko ya kwanza. Ile ya uongo akaikata msalaba mwekundu. Makopo yamekwisha hadi lori lije.

Jioni Mama Marcel akabisha hodi. Marcel amepona, akaleta nusu kopo. Akasema, "Chukua, mama we. Mtoto hana kosa." Nikalia. Nikashukuru.

Halafu, nikiwa nalia, nikakumbuka ile karatasi. Nani hupewa maziwa? Wenye nukta za chini. Wote! Hakuna wa juu hata mmoja anayepewa. Marcel alipoyapata alikuwa chini kabisa. Basi kinachowavuta watoto chini ni nini?

Mwanamke yule ana roho mbaya. Kopo nimelitupa nyuma ya mtungi. Mayu akanitazama, akatazama mtungi.

Alhamisi, 1 Aprili

Wiki nzima Limi hajalamba maziwa. Leo amevuliwa kila kitu, kapimwa mbele ya wote. Imepanda! Bila gololi, bila shanga! Nesi akanishika mkono, akasema niendelee hivyohivyo. Naam, nitaendelea.

Mayu siku hizi ndiye anayemlaza. Mtoto anarudi kwangu na sharubu nyeupe mdomoni, ananuka kama ndama. Sijui wanacheza nini na chokaa.

Nimechora upya ukutani. Jumatatu lori la makopo linakuja. Nitawahi getini, niwaonye kina mama mmoja mmoja.