Bonge Halikuganda

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limechakaa kwa madeni, kwa hiyo mjini alijulikana kama Shemeji. Hakuwa ameoa dada wa mtu. Ni kwamba kila aliyekutana naye, yeye alimwita shemeji, na mtu akishaitwa shemeji hulegea, huanza kujiuliza huyu ni wa upande gani, na kabla hajapata jibu amekwisha kununua saa isiyotembea.

Siku hiyo Shemeji alikuwa anaendesha gari la dada yake. Dada huyo alikuwa muuguzi, mwanamke mwenye mkono mwepesi wa sindano na mzito wa kofi, na alikuwa amesafiri kikazi mpaka Jumapili. Gari alimwachia alioshe. Shemeji aliliosha kweli, kisha akalizungusha mjini ili watu waone lilivyotakata.

Mbele ya duka la vipuri alisimamishwa na mpiga gita mmoja ambaye, ajabu, hakuwa na gita.

"Gita liko wapi, shemeji?"

"Liko kwa fundi." Mpiga gita aliinama dirishani, akashusha sauti. "Achana na gita. Wewe si ulikulia kwenye vyumba vya gemu? Nyuma ya soko kuna kinyozi ana mashine ya Ngumi za Hekalu. Lile sanduku refu la kutumbukiza sarafu. Anaanikia taulo juu yake, hajui ana nini."

Moyo wa Shemeji uliruka, na tusimcheke, kwa maana hapa alikuwa mkweli kwa mara ya kwanza mwaka ule. Ngumi za Hekalu ndiyo iliyommalizia utoto. Miaka ya tisini alisimama mbele ya sanduku lile akaangusha sarafu za mkate, za daftari na za sadaka, akiamini kwamba Mungu pia alitaka kuona nani atashinda. Siku hizi matajiri walikuwa wanayatafuta masanduku yale kama dhahabu, ili wayaweke sebuleni na kuwaonyesha wageni.

Tena palikuwa na siri. Katika mashine ya asili, jitu linaloitwa Bonge lilikuwa na kasoro. Likitupa moto wakati Mtawa amechuchumaa kwenye kona, ukabonyeza ngumi na teke kwa pamoja, Bonge linaganda. Linasimama tu, mdomo wazi, na wewe unalipiga mpaka uchoke. Kuligundua hilo hakukuwa kazi ya Shemeji. Dada yake ndiye aliyemfundisha, kabla hajaingia kwenye uuguzi na kupata akili. Baadaye watengenezaji walipotoa ile ya nyumbani, ya kuchomeka kwenye televisheni, waliiondoa kasoro, na kwa kubana nafasi wakaondoa pia sauti ya kengele ya hekaluni. Ile ya nyumbani ilikuwa hata haiwezi kuanza pambano bila kusita kwanza, skrini nyeusi, ikiomba subira. Shemeji aliidharau waziwazi. "Ile ni ya watoto wenye mafua," alikuwa akisema.

Alimkuta kinyozi anamnyoa mteja mmoja mnene. Chumba kilikuwa na viti viwili, kioo chenye ufa, na vitu visivyomhusu kinyozi: jokofu, baiskeli ya mbio, gita ukutani. Shemeji hakuviona. Aliona sanduku tu, refu, limechubuka, lina picha ya Mtawa ubavuni.

"Shemeji yangu, hiki ni nini? Kabati?"

"Gemu, mdogo wangu," alisema kinyozi, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. "Nachezacheza nikiwa sina mteja. Hapa mtaani hakuna anayeniweza."

"Hebu nijaribu. Hiki kijiti ni cha kuwashia?"

Mteja alicheka. Kinyozi akaacha wembe, mteja akabaki na nusu ya kichwa. Skrini ikawaka, ikawa nyeusi, ikakaa kimya kidogo kabla ya pambano kuanza.

"Mbona inasita?"

"Uzee. Hata mimi asubuhi huchelewa kuwaka."

Bonge la kinyozi likamtupa Mtawa wa Shemeji juu ya kengele. Kengele haikulia.

"Na sauti?"

"Spika imechoka."

Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo. Lakini Shemeji alikuwa ameshaanza kuiuza mashine kichwani, na alikuwa amefika kwenye bei. Akajifanya hamnazo, akapigwa, akalalamika kwamba vitufe ni vingi. Mtego wa Bonge hakuujaribu, kwa maana mjanja hajaribu mtego mbele ya panya. Kisha akajifanya amekasirika.

"Shemeji, mimi sipendi kudharauliwa. Tucheze moja ya maana. Ukinishinda, lile gari hapo nje lako. Nikikushinda, nabeba hili kabati."

"Gari kwa kabati?" Kinyozi alivua miwani. "Mdogo wangu, utajuta."

"Shahidi ni huyu," alisema Shemeji.

"Mimi nataka kumaliziwa kichwa," alisema mteja.

Funguo za gari zikawekwa kwenye bakuli la sabuni. Skrini ikasita, ikaomba subira, pambano likaanza. Shemeji alirudi nyuma pole pole, akapigwa kwa makusudi, akafika kwenye kona, akachuchumaa. Bonge likavuta pumzi, likatupa moto. Shemeji akabonyeza ngumi na teke kwa pamoja, akaachia kijiti, akageuka kumtazama mteja kwa tabasamu la ushindi.

Nyuma yake Bonge lilikuwa linampiga Mtawa kama zulia.

"Haligandi!" Shemeji alipiga kelele. "Bonge haligandi!"

"Ligande kwa nini?" aliuliza kinyozi. "Lina baridi?"

Mtawa akalala chini. Kinyozi akazikausha funguo kwa taulo, akafungua mgongo wa sanduku. Ndani, katikati ya utupu na vumbi, palikuwa na kifaa kidogo cha nyumbani, cha kuchomeka kwenye televisheni, kimefungwa kwa utepe wa gundi.

"Ya nyumbani!" Sauti ya Shemeji ilipasuka. "Mzee, huu ni wizi!"

"Mimi nilisema gemu. Wewe ulisema kabati. Sasa mbona unalia kama uliyeuziwa kitu kingine? Ya asili iliungua zamani, na nilishukuru, maana nilichoshwa na watu wa kugandisha."

Shemeji alipiga magoti. Alimweleza habari za dada, Jumapili, na kofi. Aliogopa kweli, na hofu ilimfanya aseme ukweli mwingi kwa mkupuo.

Kinyozi alimsikiliza huku akimalizia kichwa cha mteja. "Unaliona jokofu? Baiskeli? Kila kimoja kina mwenyewe, na kila mwenyewe alikuja kunigandisha. Anayetaka chake aniletee mwingine, mwenye kitu kikubwa kuliko chake. Ndiyo sheria ya hapa."

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mpiga gita, akaenda moja kwa moja ukutani, akashusha gita, akajaribu nyuzi.

"Ulisema liko kwa fundi!" alifoka Shemeji.

"Fundi amemaliza," alijibu yule. "Pole, shemeji."

Siku zilizobaki Shemeji alitembea kwa miguu akitafuta mtu mwenye kitu kikubwa kuliko gari na akili ndogo kuliko yake. Wenye lori walimkimbia. Mwenye nyumba ya ghorofa alimfungulia mbwa. Jumapili ikafika, na dada akafika nayo.

"Gari liko wapi?"

"Liko kwa fundi," alisema Shemeji. Kisha akakumbuka kwamba dada yake alikuwa na kiwanja, tena kizuri, cha barabarani, na tamaa ikamwinua kutoka kaburini. Akashusha sauti. "Dada yangu mpenzi, bado unaukumbuka ule mtego wako wa Bonge? Kuna kinyozi mmoja mjinga nyuma ya soko, ana Ngumi za Hekalu. Ile yenyewe."

Dada aliweka begi chini taratibu. "Kabla ya pambano, inasita?"

"Kidogo tu. Ni uzee."

Kofi halikusita.