Malalamiko Dhidi ya Tafsiri Inayoeleweka

Marburg, Ijumaa asubuhi, mwezi wa Oktoba

Kwako Mhariri wa Vitabu vya Falsafa, London.

Pokea salamu zangu za heshima, na uniwie radhi kwa mwandiko huu unaotambaa. Mkono wangu umeamua kustaafu, miaka mingi baada ya mwenyewe. Mimi nilikuwa mwalimu wa falsafa, nina umri wa miaka themanini na tisa, na moyo wangu, kwa maneno ya daktari, unapiga kwa hisani tu. Mtu wa hali hiyo hapaswi kuzungukazunguka katika maneno, ingawa mimi nimezungukazunguka maisha yangu yote na kulipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Nalalamikia tafsiri mpya ya Kiingereza ya kitabu kikuu cha mwanafalsafa wetu Traugott Leberecht Finsterwald, *Juu ya Kungoja*, iliyofanywa na Bi Applegarth na kutolewa na ofisi yako mwaka huu. Naomba iondolewe madukani. Sababu zangu ni hizi.

1. Tafsiri hii inaeleweka.

Sijui kama mlikusudia. Sentensi ya kwanza ya Finsterwald ina urefu wa ukurasa mmoja na nusu. Sisi Wajerumani huingia ndani yake kama mtu anayeingia msituni na kikapu cha kuokotea uyoga. Tukitokea upande wa pili na kikapu kitupu, tunasema hewa ilikuwa safi. Bi Applegarth ameikata vipande tisa, na kila kipande kinasema jambo. Mimi niliandika kitabu kizima juu ya sentensi hiyo moja. Ni kinene kuliko cha Finsterwald mwenyewe, na faida yake imethibitishwa: marehemu mke wangu alikitia katika mfuko wa nailoni akakitumia kugandamizia kabichi mtungini ilipokuwa ikichachuka. Kabichi ya mwaka ule ilisifiwa mtaa mzima. Kitabu hakijawahi kusifiwa hivyo na mhakiki yeyote.

2. Tafsiri hii imenivunjia mlango.

Katika sura ya pili Finsterwald anasimama mbele ya mlango uliofungwa. Kwa muda wote niliofundisha, niliwaambia wanafunzi kwamba mlango ule ni mpaka wa akili ya binadamu. Waliandika. Wengine wakawa walimu, nao wakawaandikisha wengine. Sasa nasoma kwa Kiingereza kwamba mvua inanyesha, mwanafalsafa analowa, na mama mwenye nyumba amekwenda sokoni na ufunguo. Nilikimbilia Kijerumani nipate kumuumbua Bi Applegarth. Mvua imo. Soko limo. Hata ufunguo umo. Sijui nilikuwa natazama wapi.

3. Tafsiri hii imeharibu Alhamisi.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana mengine ni aibu tu, lakini hili ni uhai. Kila Alhamisi jioni tunakutana katika chumba cha nyuma cha baa ya Kulungu wa Dhahabu kukisoma kitabu hiki kwa sauti. Tulikuwa wengi; tumebaki watatu: mimi, Bi Wittekind aliyekuwa mfamasia, na Jaji Haberkorn, mstaafu. Kanuni yetu ni moja. Hatuvuki sentensi mpaka wote waliopo wakubaliane maana yake. Jaji Haberkorn alitumia maisha yake kusikiliza watu wakikubali mambo kwa kiapo, na tangu hapo haamini makubaliano ya aina yoyote. Kila tunapokaribia kuvuka husema, "Napinga," kisha huagiza viazi vya kukaanga. Kwa hiyo, mpaka majira ya joto mwaka huu, tulikuwa tumesoma miaka ishirini na sita na kufika ukurasa wa themanini na nane.

Bado tunaitana kwa vyeo. Kwetu, mkubwa kwa umri ndiye anayewaruhusu wengine wamwite kwa jina lake la kwanza, na mkubwa ni mimi. Kila mwaka nilikusudia. Kila mwaka niliona tusifanye haraka.

Tangu miguu yangu iliponiacha, hao wawili hunisukuma katika kiti cha magurudumu mpaka juu ya kilima iliko baa. "Profesa," husema Bi Wittekind akihema, "hii ni falsafa au ni zile soseji za Alhamisi iliyopita?" Naye Jaji humjibu kwa niaba yangu, "Ni soseji. Falsafa yake haijawahi kuwa na uzito huo."

Basi majira ya joto Bi Wittekind alikwenda Leeds kumtembelea dada yake. Wakati wa kurudi treni yake ilikwama Köln, kama ilivyo kawaida ya treni zetu, naye akafungua tafsiri yenu aliyoinunua njiani. Alhamisi iliyofuata aliiweka mezani katikati ya bilauri za bia. "Kitabu cha kungoja, nimekisoma nikingoja," akasema. "Na mlango ni mlango, Profesa. Mama wa watu kaenda zake sokoni." Jaji akasema, "Napinga." Kisha akavaa miwani, akasoma ukurasa, akasoma wa pili, akaivua miwani na kusema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake: "Sina pingamizi." Jioni ile tulivuka kurasa kumi na moja. Viazi vilipoa. Nilirudi nyumbani kama mtu aliyeibiwa.

4. Tafsiri hii inashirikiana na daktari.

Mwezi wa Aprili daktari aliniambia nisitegemee sana kuiona Krismasi. Nilimjibu kwamba haiwezekani, nina kitabu cha kumaliza, nikamwonyesha tulipofika. Alipima kwa kidole unene wa kurasa zilizobaki, akasema, "Kwa mwendo huu, Profesa, utatuzika sote." Nilitoka kwake na furaha. Mwendo wetu ulikuwa unanipa nusu karne na zaidi. Kwa mwendo wa Bi Applegarth tutamaliza wiki moja kabla ya Krismasi. Watu wawili wasiojuana, mmoja Uingereza na mmoja hapa Marburg, wamenipangia tarehe moja. Kama hii si njama, nieleze ni nini.

5. Tafsiri hii itanifichua.

Jambo hili sijamwambia mtu, hata marehemu mke wangu. Nakuambia wewe kwa sababu hatutaonana. Nakala yangu ya Finsterwald ni ya zamani, niliachiwa na mwalimu wangu. Vitabu vya siku zile viliuzwa kurasa zikiwa zimeshikana kingoni, na msomaji akazikata kwa kisu kadiri alivyosonga mbele. Sura ya mwisho ya nakala yangu haijakatwa. Sijaisoma. Sijaisoma popote, katika nakala yoyote, kwa lugha yoyote. Nilipokuwa kijana niliogopa kwamba nitaifikia na nisiielewe. Nilipokuwa mzee niliogopa kwamba nitaielewa, na ikawa ni mama mwenye nyumba amerudi kutoka sokoni.

Lakini kila tulipokwama Alhamisi nilitabasamu tabasamu la mtu anayeujua mwisho. Ni tabasamu zuri. Limenipatia cheo cha uprofesa. Jana Jaji Haberkorn alinigeukia na kusema, "Wewe unajua inavyoishia. Tuambie tu, tusiteseke na Kiingereza." Nikatabasamu. Nilijiona kama mtu anayetoza nauli ya gari asilojua kuliendesha.

Wakifika mwisho watanijua. Na hata wasiponijua, kitabu kikiisha, nani atamsukuma mzee kilimani siku ya Alhamisi, na kwa sababu gani?

Kwa hayo, naomba ofisi yako iirudishe tafsiri yote ghalani. Ikiwa nakala haziwezi kukusanywa, basi toleo lijalo litiwe giza la kutosha: sentensi ya kwanza iunganishwe tena, na soko liondolewe. Kazi hiyo niko tayari kuifanya bila malipo. Nina uzoefu nayo. Ikiwa hata hilo ni gumu, izuieni sura ya mwisho mpaka nitakapozikwa. Sitawachelewesha.

Nisalimie Bi Applegarth, ambaye sina kinyongo naye ila kwamba anajua kazi yake. Wasalimie wapiga chapa, washona vitabu, mhasibu wenu, na yeyote atakayekufungulia bahasha hii. Hapa sote hatujambo, isipokuwa mimi.

Ni mimi ninayengoja jibu, na mengineyo,
Profesa (mstaafu) Ewald Krummacher

Nyongeza, Jumamosi.

Bi Wittekind alikuja kuichukua barua hii aipeleke posta. Bahasha ilikuwa wazi, naye ni mfamasia: hajawahi kuruhusu kitu kitoke mikononi mwake bila kusoma kilichoandikwa. Aliisoma yote akiwa amesimama na koti lake mwilini. Halafu akampigia simu Jaji, ambaye alifika na keki ya tufaha, naye akaisoma. Nilikaa nikingoja hukumu.

"Tulijua," akasema Bi Wittekind. "Tangu mwaka wa kwanza. Mtu anakaa ubavuni kwako kila Alhamisi, na kurasa zako za mwisho zimefumbana kama mtoto anayekataa dawa. Ulidhani hatuna macho?"

Niliuliza kwa nini hawakusema.

"Ungezikata," akasema Jaji. "Halafu tungemaliza. Halafu mimi Alhamisi ningekwenda wapi, kwa mke wa kaka yangu?"

Akakipangusa kisu cha keki, akakiweka mbele yangu pamoja na kitabu. Sasa hapakuwa na la kuficha, kwa hiyo nilikishika, nikakiingiza chini ya kunjo la kwanza la sura ya mwisho. Ndipo Jaji akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Ewald," akasema, "napinga."

Hakuna aliyempa ruhusa ya jina hilo. Nilimwambia, "Sawa, Ottokar," na Gudula akasema kwamba kama tumemaliza utaratibu, keki inakauka.

Malalamiko yangu nayafuta, la kwanza hadi la tano. Tafadhali nitumie nakala mbili zaidi za tafsiri, kwa herufi kubwa kama zipo, ili kila mmoja wetu awe na yake. Tumekubaliana kuanza upya tangu ukurasa wa kwanza, Kijerumani na Kiingereza bega kwa bega, kwa kanuni ileile. Ottokar anadai ameona kosa katika ukurasa wa tatu wa Bi Applegarth. Gudula anasema si kosa. Mimi natabasamu, nao wote wawili wanajua sijui.

Ikiwa kweli ni kosa, nakuomba sana msilirekebishe. Tumelitengea majira yote ya baridi. Kisu kimerudi jikoni.