Bahari Hushuka Saa Nne

Jumapili, 31 Agosti

Nimechoka na bado sijaanza. Leo kanisani Mzee Kipruto, mwenye mashamba ya ngano kule Njoro, ametangaza kwamba atanunulia zahanati ya Kaptembwo kitanda kipya cha kujifungulia. Sharti moja: mtu wa kanisa letu amalize mashindano ya hisani ya kuogelea baharini, Kilifi, Jumamosi ya tarehe kumi na tatu. Mzee hupenda msaada wenye vituko. Mwalimu Jonah akainua mkono. Jonah tena! Kila mara ni yeye, na kila mara anapigiwa makofi. Nikajikuta nami nimesimama. Makofi! Matamu ajabu.

Mke wangu Rahab ni muuguzi wa zahanati hiyo. Kitanda chao cha sasa kimeegemezwa kwa matofali. Yeye hakupiga makofi. Njiani aliniuliza kama najua kuogelea. Nikamwambia ni kama kuendesha baiskeli. Akanikumbusha kwamba baiskeli pia sijui.

Jumanne, 2 Septemba

Bwawa la hoteli mjini. Mwalimu wa kuogelea ni msichana anayeitwa Jeruto. Aliniambia nilale juu ya maji. Nililala chini ya maji. Watoto wa chekechea walinizunguka wakinitazama kwa huruma.

Upande wa kina alikuwepo Jonah, anaenda na kurudi, anaenda na kurudi. Alizaliwa karibu na Ziwa Baringo, basi hiyo si sifa, ni jiografia. Alikuja akasema kwa upole kwamba anaweza kunifundisha kila jioni. Nilikataa. Siwezi kupokea wema wa mtu ninayetaka kumshinda.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeokoka! Binamu yangu Waithaka, fundi wa nyaya za stima huko Kilifi, amenitumia picha ya ufuo wenyewe, imepigwa leo saa nne asubuhi. Maji yamekimbia. Watu wanatembea mbali kabisa, yamewafika magotini tu. Nikampigia kuuliza kama huwa hivyo kila siku. Akasema ndiyo, bahari hushuka kila siku, kisha simu ikakatika.

Nilichotaka nimekipata. Kitu kinachokuja kila siku kina saa yake. Gari la maziwa hupita dukani kwangu saa moja asubuhi, mwaka wa tisa sasa. Mashindano ni Jumamosi ijayo, saa nne. Sitaogelea. Nitatembea kwa magoti, mikono ikizunguka juu kama ya muogeleaji. Hisani ni hisani.

Jumatano, 10 Septemba

Mazoezi ya magoti nyuma ya nyumba, hapa mtaani Free Area. Jirani yangu Mama Wangechi alidhani niko kwenye maombi ya kufunga, akapiga magoti upande wake wa ua. Niliona aibu kuwa wa kwanza kusimama. Dakika arobaini! Magoti yamechubuka.

Mchana nilichukua gambuti mpya kutoka kwa bidhaa zangu, maana nauza dawa za mifugo na vifaa vya shamba, nikazikata kwenye kifundo. Miamba ina makali. Jonah akapita dukani, akarudia ombi lake. Nikamwambia nina mbinu. Akanunua dawa ya kupe, akaenda.

Jumamosi, 13 Septemba

Kilifi. Saa nne kamili. Bahari imejaa hadi kwenye hema la waandalizi.

Nilimuuliza mwenye boti mmoja bahari itashuka saa ngapi. Akasema alasiri, kwa sababu kila siku inachelewa karibu saa nzima, kila mtu anajua hivyo. Kila mtu! Nikataka kurudi, lakini Rahab alikuwa amesimama ufuoni na fulana ya zahanati. Kipyenga kikalia. Gambuti zilijaa maji hatua ya nne. Hatua ya kumi haikuwa na chini.

Niliogopa. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliogopa sana, nikamwita mama yangu. Kisha nikasikia mkono chini ya kwapa. Jonah alikuwa mbele, miongoni mwa watatu wa kwanza, akageuka.

“Kihara, wacha kunikaba shingo,” akasema. “Lala tu. Nimekushika.”

Nikalala juu ya maji, kwa mara ya kwanza maishani. Akanivuta hadi boti ya waokoaji, akanivua gambuti, akarudi kwenye mashindano yake. Muda uliowekwa ulikuwa unaisha. Mzee Kipruto alishika saa mkononi. Rahab hakunitazama hata kidogo. Alitazama kile kichwa kimoja kilichobaki majini. Jonah alimaliza wa mwisho, zikiwa zimebaki dakika mbili, akatambaa mchangani akitapika maji ya chumvi. Rahab alilia, akamfunika kwa leso aliyokuwa amejifunga. Mimi nilifunikwa na mtu nisiyemjua.

Jumapili, 21 Septemba

Kitanda kilifika Alhamisi. Mtoto wa kwanza alizaliwa juu yake Ijumaa, msichana.

Asubuhi Rahab alininyooshea kola akaniomba kitu kimoja. “Simama useme, asante Jonah. Usiongeze kitu.”

Nilimwahidi. Nilimaanisha kabisa. Mchungaji akaniita mbele. Jonah alikuwa benchi la kwanza, bado anakohoa, ananitabasamia. Nikafungua mdomo nikaona nyuso zote zile zikinisubiri mimi, mimi Kihara, nikatangaza kwamba Desemba nitapanda mlima wa Menengai hadi juu nikibeba gunia la mahindi, kwa ajili ya paa la kanisa.

Makofi! Jonah alipiga kuliko wote. Rahab alichukua mkoba wake akatoka kabla ya wimbo.

Nimempikia chai. Hajaigusa. Nitamwomba msamaha akipoa, na Jonah pia nitamwambia, siku nyingine. Kwa sasa nimezungumza na mtu wa bodaboda. Anasema pikipiki inafika hadi juu kabisa, na gunia linaweza kujazwa makapi. Zaidi ya hayo, mlimani hakuna mtu aliyewahi kuzama.